Bega la Nne

Mwaka jana nilipanda Tukuyu kwa mambo ya posa ya binti wa baba yangu mdogo, na kabla sijafika nyumbani kamba ya kiatu ilikatika kwenye matope ya stendi. Unaijua mvua ya kule: haiji wala haiondoki, ipo tu. Miguu yangu ikashika yenyewe njia ya madukani, hadi kwenye kibaraza ambacho hakijawa na fundi viatu tangu nikiwa msichana. Siku hizi wanauza makava ya simu pale. Nilisimama na kiatu mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Nilipokuwa shule ya msingi, kibaraza kile kilikuwa cha fundi viatu Mhindi. Kilinuka ngozi na gundi, na nyuma yake, jikoni kwa mkewe, mbegu za haradali zilipasuka kwenye mafuta ya moto asubuhi nzima. Binti yao alikuwa mwenzangu wa dawati. Mbele kidogo palikuwa na duka kubwa la Mhindi mwingine, la vitenge, mafuta ya taa na chumvi ya kupima, na mlangoni alikaa mama yake mwenye duka, kikongwe mwembamba wa sari nyeupe. Sisi watoto tulidhani Wahindi wote ni ndugu.

Bibi yangu hakudhani hivyo. Kila asubuhi tulishuka pamoja kutoka Makandana kuuza maziwa, na macho yake hayakupitwa na kitu. Aliona kwamba fundi akienda dukani, kikongwe huvuta sari yake pembeni isiguswe. Sukari ya fundi iliwekwa mezani aichukue mwenyewe, haikutoka mkono kwa mkono. Sikukuu yao ya taa ilipofika, mwenye duka aligawa vitamu kwa majirani wote. Sisi tulipewa mikononi, lakini sahani ya kwa fundi iliachwa kwenye ngazi.

Bibi akanieleza njiani, kwa uhakika kabisa, kwamba wale ni wakwe. Kwetu Wanyakyusa mwanamke humkwepa baba mkwe wake: hakutani naye njiani, jina lake halitaji. Bibi alikuwa ameishi hivyo tangu alipoolewa hadi mzee yule alipozikwa, na kwake hiyo ilikuwa adabu. Kwa hiyo alimheshimu sana yule kikongwe. Alisema Wahindi wamelelewa vizuri.

Mambo yalibadilika siku mwalimu alipotufundisha methali. Aliandika ubaoni, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," akatutaka tueleze maana. Darasa zima likamgeukia mwenzangu. Yeye aliangalia dawati tu. Wakati wa mapumziko, tukila magimbi ya kuchemsha nyuma ya darasa, ndipo aliposema kwa sauti ya kawaida, "Kwetu sisi, kibaya ni hicho kiatu."

Akanisimulia kama alivyosimuliwa na baba yake. Hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja mkubwa. Kinywani mwake walitoka makuhani, mikononi wapiganaji, mapajani wafanyabiashara, miguuni watumishi. Wanaogusa ngozi ya ng'ombe aliyekufa hawakutoka popote kwenye mwili ule, wako chini ya nyayo. Baba yake alizaliwa huko kwa sababu babu yake alizaliwa huko. Nikamuuliza sisi Wanyakyusa tulitoka wapi. Alifikiri, akasema, "Nyie hamkutajwa."

Nilimpelekea Bibi habari hizo. Alikuwa akimenya ndizi za mbalaga, akasimamisha kisu. "Ukwe mtu huuingia kwa kuoa na kuolewa," alisema. "Hili lao mtu anazaliwa nalo?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema afadhali sisi hatuna mambo hayo.

Kikongwe wa dukani alifariki katikati ya masika. Wahindu walikuwa wamebaki wachache mjini, na dini yao haimlazi maiti. Lazima achomwe upesi. Mvua ilikuwa imekata barabara, na ndugu wengi walikwama Mbeya. Watu wa mtaani tukajaa uani kwa mwenye duka kama tunavyojaa kwenye msiba wowote, wanawake wamejifunga khanga, wanaume wamesimama ukutani. Maiti ililala kwenye machela ya mianzi, imefunikwa maua. Upande wa kichwani walikuwa mwenye duka na mdogo wake. Upande wa miguuni alisimama mzee wa kanisa aliyefanya kazi dukani kwake miaka mingi, na mkabala naye mtoto wa kiume wa mwenye duka. Walipoinua, machela ikalala upande. Bega la mtoto halikufika. Wakaishusha tena.

Fundi alikuwa mlangoni, nje, pekupeku, amevaa nguo nyeupe. Alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi na hakuna aliyemkaribisha. Mwenye duka akamwona, akaangalia chini, akawaangalia Wanyakyusa waliojipanga ukutani. Mmoja wao alikwishaanza kukunja mikono ya shati. Ingekuwa rahisi kumwita yule. Ndipo mwenye duka akasema, na nadhani alisema Kiswahili kwa sababu kwa lugha yao asingeweza, "Mama hakutaka."

Fundi akajibu taratibu. "Najua, kaka. Mimi sikuja kuingia. Nimekuja kubeba."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mwenye duka alimshika mwanawe begani, akamwondoa pale. Hakusema karibu. Fundi akaingia, akainama upande wa miguu, na machela ikanyooka. Waliteremka na maiti hadi kijitoni, kwenye kuni za mkaratusi zilizomwagiwa samli na mafuta ya taa, na moshi ulikaa juu ya migomba hadi jioni.

Waliporudi, nilimwona mwenye duka akioga uani, ndoo baada ya ndoo. Nikamuuliza mwenzangu kama anajisafisha kwa sababu ya bega la baba yake. Akasema kwao kila anayetoka kuchoma maiti lazima aoge, hata baba yake anaoga saa hiyo. "Kwa hiyo hatutajua," akasema.

Na kweli hatukujua. Sukari iliendelea kuwekwa mezani.

Baada ya msiba ule, Bibi aliwasema sana Wahindi. Siku moja aliwasema jikoni kwetu, na mwenzangu yupo anatusaidia kumenya ndizi. Kisha mazungumzo yakahamia kwa baba mdogo, ambaye alimtaka msichana mmoja wa Ibighi na Bibi alikuwa amekataa katakata. Mwenzangu akauliza dada huyo amefanya nini.

"Yeye hajafanya kitu," Bibi akasema. "Ni kwao. Bibi yake alisemwa mchawi, na uchawi uko kwenye damu."

"Kama kwetu," mwenzangu akasema, akachukua ndizi nyingine.

Hakuwa anamsuta, alikuwa kama mtu aliyekutana na kitu anachokijua ugenini. Bibi alimenya hadi sufuria ikajaa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alivaa koti lake zuri, akapanda Ibighi, na hakutuambia walizungumza nini. Ndoa ilifungwa kabla ya mavuno ya mahindi. Mke huyo wa baba mdogo ndiye aliyemlisha Bibi alipopofuka, na ndiye aliyemwosha alipokufa.

Fundi na familia yake walihama tukiwa darasa la sita, kwanza Mbeya, kisha nilisikia wamevuka bahari. Duka liligawanywa vyumba vitatu. Pale kijitoni mtu amepanda parachichi, na wanaochuma hawajui palikuwa mahali gani. Maziwa sasa huja kwa pikipiki. Hata harufu ya haradali sijakutana nayo tena ikiwa vile.

Jioni ile ya posa tulikaa jikoni, wanawake wa ukoo, tukimenya ndizi. Mama mdogo, yule yule wa Ibighi, nywele nyeupe sasa, alikuwa haridhiki na mchumba wa binti yake. Alisema kijana ana kazi nzuri na adabu, ila amesikia huko kwao walikuwa watu wa namna fulani. Wengine waliitikia kwa kichwa. Nilijikuta nasubiri mtu aseme neno, mmoja tu, kwa sauti ya kawaida. Ndizi ziliendelea kudondoka kwenye sufuria. Mwishowe nikaweka kisu chini, nikaanza mimi.