Simu Ilipoitaja Isongole

Mshenga haulizi njia. Hilo nilifundishwa na baba yangu mkubwa kabla sijaoa, na ndilo lililoniponza, kwa hiyo nianze nalo. Ukisimama njia panda ukamwuliza mwenye duka, "Kwa fulani ni wapi?", umekwisha. Mwenye duka ataangalia viatu vilivyopigwa rangi, ataangalia koti, ataangalia kitenge ulichokibana kwapani, na kabla hujafika huko kwa fulani kijiji kizima kitakuwa kinajua kwamba binti wa pale anaposwa. Wakikukataa, aibu imeshatapakaa, kwa binti na kwa kijana.

Ndiyo maana sisi wa zamani tulikuwa tunazunguka. Unabeba kuku, unajifanya unauza kuku. Mimi niliwahi kumuuza kweli. Mama mmoja alining'ang'ania njiani, akapandisha bei mpaka nikaona haya kukataa, nikafika ukweni mikono mitupu. Lakini hiyo ni habari ya posa nyingine, na wale watu wameshazaa wajukuu.

Hii ya sasa ni ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Anashughulikia karatasi za malori pale mpakani Tunduma. Kazi ile inamla, malori hayaishi, na umri ulikuwa unakwenda bila mke. Mwaka jana akapata binti wa Iyula, aliyekutana naye kwenye mkutano wa kwaya. Akaja kwangu Mpemba, akakaa kwenye kigoda kama mtoto mdogo.

"Baba mdogo, nimempata. Nikimkosa huyu, mimi basi. Sitafuti tena."

"Usiseme hivyo."

"Nasema hivyo hivyo."

Baba yake amekufa, wa kumposea ni mimi. Nikamwambia nitakwenda, ila Iyula siijui vizuri, mashamba ya kahawa yanafanana, na kuuliza haifai. Akacheka. Akatoa simu yake ya zamani, ile ya kioo, akaniwekea ramani.

"Hii itakuongoza mpaka mlangoni. Hutamwuliza mtu."

Mnaona? Niliichukua ramani ili nisitangaze safari yangu. Ningejua, ningebeba kuku.

Ilinifikisha, sikatai. Nilishuka kwenye bodaboda mbali kidogo, nikafuata ule mstari wa buluu katikati ya kahawa, hata mbwa hakubweka. Nikapokelewa vizuri, nikasema maneno ya kwanza, wakapokea kile kitenge na bahasha ya posa. Wakasema watakaa, watatafakari, niende tena baada ya wiki chache nikiwa na picha ya kijana, maana kwetu kijana mwenyewe haendi mwanzoni.

Lakini simu ile ilikuwa imeanza kunizoea. Nilipopita Mlowo ikaniletea picha ya mifuko ya mbolea na duka liliko. Mara ya kwanza nilidhani ni mtu ananitumia, nikasema kwa sauti, "Asante, mwaka huu nimeshanunua." Nilipokaa karibu na gereji kumsubiri fundi wa baiskeli, ikaniletea matairi ya lori. Mimi na lori wapi na wapi? Na kila ilipoleta maandishi mengi, chini yake kulikuwa na neno Kubali, nami nikabonyeza ili yaondoke. Nimeishia darasa la tatu. Kusoma najua, lakini kusoma kirefu kunanichosha, na mara nyingi inakukuta mkono mmoja uko kwenye ugali.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Baada ya posa kupokelewa, mshenga ana kazi ya pili ambayo haitajwi. Anapeleleza. Anakwenda alikozaliwa mama wa binti, anauliza watu wazima: ukoo huu ukoje, wanagombana, wana ugonjwa, wanalala na njaa kwa uvivu? Kila mzazi anajua kwamba litafanyika, hata yeye alilifanya alipokuwa anaozesha wanawe, lakini hakuna anayetakiwa kuliona. Ndiyo heshima yake. Ukionekana, si upelelezi tena, ni matusi.

Mama wa binti alikuwa ametoka Isongole, kule Ileje. Kutoka kwangu Mpemba, Isongole ni barabara moja ya lami. Na pale Isongole nina bibi mmoja mzee, tulifahamiana zamani nikinunua maharage, mwanamke anayewajua watu wote wa upande ule. Basi wakwe walipotaka niende kwao Alhamisi, nikapiga simu nikasema goti linaniuma. Goti la mshenga huwa linauma siku kama hizo, wenyewe wanajua. Nikaenda Isongole. Nikakaa kwa yule bibi tangu asubuhi hadi alasiri, akanipa viazi na togwa, akanipa na ukoo mzima. Nyumba yake imegusana ukuta na duka la dawa. Hilo la duka la dawa lishikeni.

Niliyoyasikia yalikuwa mazuri. Nilirudi moyo mweupe.

Wiki iliyofuata nikaenda Iyula na picha. Sebule imejaa. Baba mkubwa wa binti ndiye msemaji, mtu mwenye tumbo na utani, wazee wenzake wamekaa ukutani, akina mama wako chumba cha pili pazia limefunguliwa. Mama wa binti mwenyewe ndiye aliyekuwa anamimina chai.

"Mkwe, goti?" akaniuliza yule baba mkubwa.

"Linaendelea vizuri, mkwe."

"Pole. Uzee huo. Haya tumwone huyo simba wako wa Tunduma."

Nikafungua picha, nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Ana masikio makubwa," akasema, "atasikia mke akimwita." Watu wakacheka. Akawapa wenzake, ikazunguka, ikamrudia. Na ilipokuwa mkononi mwake, ikalia: ting!

Akaangalia. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Ulitembelea... duka la dawa... Isongole... Alhamisi. Huduma ilikuwaje? Toa maoni yako uwasaidie wengine."

Akateremsha kidole.

"Na hapa chini kuna kitanda. 'Unarudi Isongole? Vyumba safi, maji ya moto.'" Akainua macho, akaniangalia. "Haya, mshenga. Huduma ilikuwaje?"

Mzee mmoja wa ukutani akacheka kidogo, halafu akanyamaza alipoona wenzake hawacheki.

Niwaeleze kwa nini neno lile lilikuwa kisu. Kaka yake mama wa binti alikuwa na kifafa, akafa nacho. Yule bibi aliniambia: ni mtu mmoja tu katika ukoo wote, na kilimwanza alipoanguka kutoka juu ya mti akiwa kijana. Lakini pale Iyula wako waliomtupia mama yule neno hilo tangu siku alipoolewa. Sasa mshenga ameonekana duka la dawa la kwao. Mshenga amekwenda kuuliza ukoo ule unanunua dawa gani. Nani angefikiri vinginevyo?

Mama wa binti aliiweka birika sakafuni, hata si mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Sikuingia duka la dawa," nikasema.

"Simu inasema uliingia."

"Simu imekosea ukuta. Nilikuwa nyumba ya jirani."

"Kwa hiyo Isongole ulikwenda."

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa na maneno mazuri tele kinywani. Ningeweza kuwaambia wote, mama huyu anasifiwa kwao, kifafa si cha damu, hawa ni watu wa kuoana nao. Lakini kuyasema hayo ni kusema kwamba nimeuliza. Ukinyamaza una hatia, ukisema una hatia zaidi. Nimekuwa mshenga wa watu wengi, sijawahi kufungwa mdomo namna ile, na aliyenifunga si mtu, ni kitu nilichokitia chaji mwenyewe usiku uliotangulia.

"Goti," akasema baba mkubwa, akitikisa kichwa. "Goti limefika Isongole."

Wakaniomba nikae nje. Nikakaa kwenye benchi karibu na mahali wanapoanika kahawa. Walipotoka, kitenge kilikuwa kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi, na bahasha juu yake. Posa imerudi.

Sikumpigia simu kijana. Nilimfuata mpakani, nikamkuta katikati ya madereva, karatasi mkononi, mmoja wa ng'ambo, wa Nakonde, anambembeleza "mukwai, mukwai", ndiyo tafadhali ya kwao. Aliponiona nimeshika kitenge alimrudishia dereva karatasi zake.

"Umefanya nini, baba mdogo?"

"Uliza simu yako imefanya nini!"

Nikamsimulia. Alikaa chini pembeni ya tairi la lori. Mimi nilikuwa na hasira naye, yeye alikuwa na hasira na mimi, na wote wawili tulijua kwamba hasira ile haikuwa na mwenyewe.

"Si ungezima tu lokesheni," akasema mwishowe.

"Ungenifundisha. Ulinifundisha kufika, hukunifundisha kufika bila kuonekana."

Nikaipeleka simu kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Tunduma. Nilitaka anionyeshe mchawi wangu ni nani. Akabonyeza hapa na pale, akanigeuzia kioo. Loo! Nilikuwemo mle mzima. Iyula, Mlowo, Isongole, hata siku niliyokwenda kilabu cha pombe ya komoni wakati mke wangu anajua niko kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

"Nani kaamuru iandike haya?"

"Wewe, mzee. Ulikubali."

"Lini?"

"Hapa. Kubali, Kubali, Kubali. Hukukataa hata mara moja."

"Na wanayafanyia nini?"

"Wenye gesti na maduka wanalipia ili matangazo yao yamfikie mtu anayepita kwao. Bila kujua unapopita, watampelekea nani?"

"Kwa hiyo njia zangu zinauzwa, mimi sipati hata soda."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu, ungewadai!"

Mimi sikucheka. Nilimwambia, kwetu binti akiposwa anaulizwa mbele ya watu: unamfahamu huyu? Unamkubali? Anaulizwa tena. Shangazi yuko pale, anamtazama uso, akiona analazimishwa anasimamisha shughuli. Hapo ndipo tunasema amekubali. Huku mtu anabonyeza kidude ili amalizie ugali, wanasema amekubali safari zake zote ziwekwe sokoni. Hilo ni kubali gani? Halina shangazi.

"Ni kweli," akasema, "lakini ramani bila hiyo haifanyi kazi vizuri." Akanizimia, akafuta, akaniambia nikae kwa amani. Nilipofika nyumbani ikaniletea tangazo la dawa ya magoti. Mpaka leo sijui ililisikia wapi goti langu. Nikaitupa kwenye kapu la vitunguu.

Kijana hakukata tamaa, hilo nimsifu. Akamwomba mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu mkimya anayefuga nguruwe. Wakwe wakakubali kuzungumza, kwa masharti. La kwanza, aletwe mbuzi wa kumfuta mama machozi. La pili, kila atakayeingia aache simu kwenye ungo mlangoni. La tatu, mimi nisikanyage. Mjomba aliniletea masharti hayo akiwa amesimama, hakutaka kukaa.

"Wamesema wewe ukae upumzishe goti," akasema. Hata yeye, mtu asiye na utani.

Siku ya kwenda nilikaa Mpemba nikipukuchua mahindi. Mtoto wa kaka yangu anaposewa na watu wa upande wa mama yake, na mimi baba yake nipo, mzima, mikono inafanya kazi. Nilipukuchua kwa nguvu mpaka mke wangu akasema mahindi hayana kosa. Jioni kijana akapiga: wamekubali. Alikuwa analia. Nikamwambia Mungu ni mwema, na nilimaanisha, lakini sauti yangu ilitoka kavu, naye aliisikia.

Siku chache baadaye simu ikalia tena kwenye kapu. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, chini chini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Shikamoo, mkwe. Mimi mama wa binti."

Nikasimama. Mwanamke yule hakuwa na sababu ya kunipigia, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuzungumza naye.

"Marahaba, mama. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Tangu mama yangu azikwe sijafika Isongole. Ulikaa kutwa nzima kule. Walisemaje kuhusu mimi?"

"Mama, hayo hayasemwi."

"Si yameshasemwa? Nimemwagiwa mbele ya wazee, nimekunywa aibu yake. Basi unipe na hilo lingine."

Niliangalia simu. Niliifikiria inavyosikiliza, nikafikiria kesho itaniletea tangazo gani. Halafu nikamwambia yote, polepole, tangu viazi na togwa: kwamba wanakukumbuka ulivyokuwa unaimba ukipalilia, kwamba yule bibi alilia alipolitaja jina la kaka yako, kwamba walisema aliyekuoa ana bahati. Kila nilipotua alisema, "Endelea." Nikaendelea mpaka salio lake likaisha.