Nyumba ya Samaki-Sahani

Nakumbuka asubuhi moja pale Arua, mwanangu, basi la Kampala lilipomteremshia shangazi yangu mfuko uliofura maji, na ndani yake samaki ambao mtaa wetu haukuwahi kuwaona. Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Koboko kumsaidia kazi za gesti yake. Hajati Mariamu, dada wa baba, alikuwa mjane mwenye sauti ya chini na kicheko cha karibu. Samaki wale alikuwa ametumiwa na mwanawe aliyefanya kazi Kampala. Walikuwa bapa, duara, wa buluu wenye mistari ya rangi ya chungwa, kila mmoja kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Wenyewe huitwa diskasi. Sisi tuliwaita sahani, na jina likashika.

Fundi wa vioo akaja kupima. Alikuwa hodari, naye akashauri tangi dogo la kukaa juu ya meza ya mapokezi.

"Hajati, hii samaki iko kidogo tu," alisema. "Leo ni leo, asemaye kesho mwongo."

Shangazi akaweka kiganja chake juu ya meza, vidole vimetanuka. "Kesho yake iko hii. Hii samaki itakua sawa na mkono yangu, na haipendi kukaa peke yake. Tengeneza kubwa, fundi. Refu kama ile kochi."

Basi kochi likatolewa barazani, tangi likachukua nafasi yake. Mimi niliona ni ufujaji, samaki wadogo wamepotea katika maji yale yote. Lakini akiba haiozi. Mvua kubwa ikaja na umeme ukakatika kutwa nzima, na samaki hawa, mwanangu, hutaka maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Tukalivika tangi mablanketi ya vyumba vyote, wageni wakisaidia na kucheka. Maji machache hupoa upesi, mengi hupoa polepole. Umeme uliporudi jioni, sahani walikuwa wanazunguka wakidai chakula.

Katika mfuko ule wa Kampala walikuja pia samaki wembamba kama njiti, wenye mstari mwekundu, na wengine wa sharubu wanaookota mabaki chini. Hao shangazi aliwakaribisha mara moja. "Hawa iko na adabu," aliniambia. "Wanapenda maji moto kama wenyeji, na midomo yao haitoshi kumuma mutu."

Jaribu lilikuja na Peter, sahani walipokwisha kukua. Alikuwa mfanyabiashara wa Sudan Kusini aliyenunua unga na sabuni kwetu, akivuka kwenda kwao kupitia Koboko. Katika wateja wetu wote hakuna aliyependwa kama yeye. Siku moja alishuka kwenye lori amekumbatia jarikeni iliyokatwa mdomo, na ndani yake ngege dume aliyemnunua bwawani Koboko, mweusi, mnene, mapezi yana ukingo mwekundu.

"Mama Hajati, hii ni zawadi yako. Weka pamoja na ile sahani, wageni waone na samaki ya huku."

Nilishika ndoo tayari kummimina. Zawadi hairudishwi, na mteja kama Peter hapatikani kila siku. Shangazi akanishika mkono.

"Ngoja, binti. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasa fahali na mtoto wa mbuzi je?" Kisha akamgeukia Peter. "Asante sana, mwanangu. Hii samaki nimepokea. Lakini itapata nyumba yake."

Uso wa Peter ukabadilika. "Kwa sababu ni ya Koboko?"

"Kwa sababu iko na nguvu. Hizi iko na haya. Ikifukuzwa inaacha kula, inakuwa nyeusi, inakufa kwenye kona. Mimi sitaki zawadi yako iitwe muuaji."

Ngege akawekwa katika birika la saruji nyuma ya jiko, na jioni ile mgeni wetu hakugusa chakula. Nilimwonea uchungu, nikadhani tumempoteza.

Asubuhi tukamsikia akicheka huko nyuma. Alikuwa ameingiza mkono majini kumlisha ngege wake, naye akamgonga vidole na kuung'ang'ania ukingo wa shati. "Mama," alisema akikamua mkono wa shati lake, "huyu alikuwa anamaliza ile sahani zote na kioo pia." Akaketi, akanywa chai, akala na kile kiporo cha jana.

Safari iliyofuata alikuta makubwa. Sahani wawili walikuwa wametaga, na shangazi amewatenga kwa wavu wa dirisha. Watoto wao, wadogo kama vumbi, walijibandika ubavuni mwa mama wakila utando wa ngozi yake, kisha mama akajitikisa, wakahamia kwa baba. Mwanangu, mtaa mzima ulikuja. Wazee waliotoka msikitini, mama wa sokoni na vikapu vyao, na Peter amegandisha pua kiooni akisema, "Tazama, hata baba ananyonyesha." Sijawahi kusikia gesti ile ikicheka vile.

Sasa wewe umeniambia unataka kuwafuga. Sikiliza basi. Pima tangi kwa samaki atakavyokuwa, usipime kwa alivyo leo. Nunua kundi, maana mmoja hupatwa na hofu. Wape jirani wapole wanaopenda joto lao, wala wasiwe wengi hata wenyeji wakakosa pa kugeukia. Ukiletewa mwenye nguvu, mpokee kwa mikono miwili, umpe pake. Kukataa kuchanganya si kukataa mtu, na ukisema hivyo kwa upole, mwenye moyo mwema atakuelewa, hata kama ni kesho yake.

Mungu akupe mkono mpole na jicho la kuona mbali. Maji yako yawe ya vuguvugu daima, na nyumba yako ijae watoto na kicheko. Amina.