Chumvi Haiingii Peke Yake

Niliingia katika mji mmoja wa ugenini nimejikunja kiti cha nyuma cha teksi, tumbo likinikata, na dereva akanishusha mlangoni pa zahanati badala ya hoteli. Nikapewa benchi, kikombe na amri: kunywa kidogo kidogo.

Aliyeniamuru ni muuguzi ambaye wenzake humwita Hakai. Hata chai huinywa akitembea. Siku hiyo alikuwa na sababu zaidi: amehamishiwa kituo kingine, gari linakuja kumchukua, na kwenye kitanda cha dirishani yupo mtoto anayeharisha tangu jana, macho yamezama, analia bila machozi.

"Bibi, si nilikufundisha kuchanganya maji ya chumvi na sukari?" alimuuliza bibi wa mtoto. "Mbona hali ni ileile?"

"Nimechanganya, mwanangu. Chumvi nimetia. Sukari nimeiacha, inachafua tumbo."

Hakai akaonja, akakunja uso. "Lo! Bibi, hii ni bahari." Akayamwaga, akachanganya mengine kwa pakiti ya dawa yenye chumvi na sukari, akieleza upesi upesi. "Ukuta wa utumbo ni seli, chembe ndogo sana. Upande wa nyuma kila seli ina pampu. Inatoa chumvi na kuisukumia kwenye damu, ingawa huko imejaa tele. Ni kupandisha mzigo mlimani; inakula nguvu, haipumziki. Ndiyo maana ndani ya seli chumvi ni haba daima, na iliyo utumboni inataka kuingia. Lakini kuna mlango usiofunguka mpaka chumvi iandamane na sukari. Kuharisha hakuuzibi huo. Vikiingia pamoja, maji yanafuata."

"Pampu haikai, kama wewe?" bibi akauliza.

"Ikikaa, tumekwisha."

Bibi akamnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko. Hakai anakwenda mlangoni, anarudi, anabana ngozi ya tumbo la mtoto kuona kama inarudi upesi, anakwenda tena. Dereva wa gari la kumhamisha alifika, akapiga honi mpaka akachoka, akalala kwenye usukani. Hakai hakutoka.

Jua lilipohama dirishani, bibi akaruka. "Ee! Kanikojolea! Nguo yenyewe ndiyo hii hii!"

"Hongera, bibi!" Hakai alicheka hadi akashika ukuta. "Figo zimeamka."

Akabeba mkoba wake, akanitia kijiko mkononi. "Kaka mgeni, bibi hajalala tangu jana. Endelea wewe. Usiache; hata akisinzia, mwamshe."

Kupitia dirishani nilimwona akikaa, kwa lazima, kiti cha mbele, goti likimtikisika. Gari likaondoka. Nikajaza kijiko; mtoto alikuwa tayari amefungua mdomo.