Mama Jiliwa na Mkono Wangu wa Kushoto

Mlinzi yeyote wa kampuni yetu aliyewahi kudondosha bastola sakafuni anamjua dada yangu kwa maumivu. Dada hakuandika ripoti wala hakumpeleka mtu kwa meneja. Alitoka nyuma ya dirisha la ghala la silaha, akamkamata mhusika sikio, akalisokota mpaka jamaa akapiga magoti, kisha akamwokotesha bastola yake na kumwamuru aiombe radhi. Ndiyo, bastola ndiyo iliyoombwa radhi. Walimwita Mama Jiliwa, kwa jina la kile chuma cha mezani kinachobana kitu kisitikisike, na aliyewahi kubanwa na vidole vyake hakuuliza kwa nini.

Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kumsifu na kumsema. Nikisimulia habari zake lazima nisimulie na za mkono wangu wa kushoto, maana aliupigania tangu nikiwa mtoto, na ndio uliokuja kumtesa.

Nilizaliwa na mashoto. Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu wa nyundo na hasira, na mtoto wa kiume anayekula kwa kushoto alimwona ni aibu aliyoletewa makusudi. Alinirushia viatu, vikombe, chochote kilichokuwa karibu. Aliposhindwa akanifunga mkono ule nyuma ya kiti kwa kamba ya katani kila nilipokula na kila nilipoandika. Kiganja kilivimba kikawa cha zambarau. Nikilia, mkanda ulifuata. Mama akijaribu kusema neno, naye alipata lake la usoni.

Siku moja dada aliingia na sare ya shule, akaniona, akaenda jikoni, akarudi na kisu na kuikata ile kamba. Baba aliinuka akiuzungusha mkanda. Wakati wa kukimbia ulikuwepo, lakini dada hakukimbia. Aliinama akaokota nyundo ya kunyooshea mabati pale mlangoni, akampiga nayo gotini. Nakumbuka ule mlio hadi leo. Baba alichechemea maisha yake yote, na hakunifunga tena. Lakini siku hiyo, akiwa ameegemea ukuta, alimpiga dada mpaka jino la mbele likaruka.

"Mkono ni wako," dada aliniambia baadaye, akitema damu kwenye beseni. "Atakayeugusa, niite."

Pengo lile hakuliziba mpaka leo. Anachekea nalo, ananogesha nalo matusi, na mtu akimtazama sana mdomoni anamuuliza kama anatafuta chumba cha kupanga.

Alijifunza silaha jeshini, akatoka, akaajiriwa kwenye kampuni ya ulinzi inayosindikiza masanduku ya benki. Ghala lake lilikuwa chumba chembamba chenye nondo dirishani, meza ya mbao iliyolowa mafuta, jiliwa kwenye kona, tupa zimepangwa kwa ukubwa, na makopo ya springi na pini. Chuma kilichoka mbele ya macho yake na yeye alikijua kinachokaribia kukata tamaa. Springi iliyolegea aliijua kwa kuibonyeza tu. Mtutu uliolika aliuchungulia akasonya. Nafasi ilipopatikana, akaniombea kazi pale pale.

"Nina mdogo wangu," alimwambia meneja. "Ana mashoto, ana kiburi, lakini haibi."

Bastola zetu zilikuwa za mikono yote. Swichi ya usalama ipo upande wa kushoto kwa kidole gumba cha mtu wa kulia, na nyingine iko upande wa kulia kwa watu wa aina yangu. Ukiishusha, bastola iko tayari kupiga. Walinzi wengine wote walikuwa wa kulia, kwa hiyo baada ya miaka meno ya swichi ya kushoto yalisagika yakawa laini, kidole kikateleza. Ya upande wa pili ilibaki na meno makali kama imetoka dukani. Vipuri vilichelewa kuja, na hapo ndipo dada akapata ile akili yake aliyojivunia sana: bastola iliyochoka upande wa walinzi wengine, apewe mdogo wake.

"Wao wamekula upande wao," alisema akinikabidhi. "Wewe umeachiwa mpya. Umeona faida ya mashoto?"

Tulicheka wote. Hata Taratibu alicheka, dereva wangu, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa anaendesha gari kama anafukuzwa. Sikuwaza, na dada hakuwaza, kwamba swichi zile mbili zinaishi kwenye kijiti kimoja. Ya kushoto imechongwa pamoja na kijiti chenyewe. Ya kulia imeng'ang'ania mwishoni kwa ulimi mdogo wa chuma. Kila walipoishusha ya kushoto, ulimi ule uliburutwa. Na kwa mtu anayevaa bastola kiunoni kulia, swichi ya kulia ndiyo inayotazama nje, inagongwa na mlango wa gari, na kiti, na kila ukuta. Meno yalikuwa mapya kwa sababu hakuna kidole kilichoyagusa. Kilicholika kilikuwa ndani.

Niliwahi kumwambia kwamba swichi ya upande wangu inacheza. Aliishika bastola kwa mkono wake wa kulia, akaishusha swichi polepole kwa kidole cha shahada, ikalia vizuri. Akatia tone la mafuta.

"Inacheza kidogo tu," alisema. "Na wewe unacheza kidogo, mbona sijakubadilisha?"

Walituvamia mchana kweupe, nyuma ya duka kubwa, kwenye kichochoro cha kupakulia mizigo. Pikapu ilirudi kinyumenyume ikatuziba. Wakashuka watatu, wawili na mapanga, mmoja na bunduki fupi. Aliyeshika bunduki alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Taratibu. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, hatua chache tu kutoka kwake, na nilikuwa nimeshamwelekezea bastola kifuani. Nikashusha swichi. Ilishuka kirahisi, kirahisi mno. Nikavuta triga, kimya. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaipandisha. Ilikuwa inazunguka tu, haikushika kitu.

Yule bwana alinitazama, akaona, akatabasamu. Kisha akamgeukia Taratibu, akampiga risasi ya shingo. Damu ilijaa kioo kwa ndani. Taratibu alishika usukani kwa mikono yote miwili, honi ikalia bila kukoma.

Ya pili ilikuwa yangu. Ilipita katikati ya kiganja cha kushoto na vidole vikaenda kila kimoja na njia yake. Mmoja akaja na panga akakimalizia kilichobaki, juu ya bampa la gari, kwa pigo moja. Nilianguka juu ya bastola yangu. Mkono uliobaki ukaishika, mkono ule ambao Baba aliulazimisha kwa kamba na mkanda. Kidole gumba kikajikuta upande mwingine, kwenye swichi iliyochoka. Kiliteleza mara moja. Mara ya pili ikashuka, na bastola ikapiga. Niliendelea kuvuta triga mpaka magazini ikaisha. Mwenye panga aliniangukia kifuani akihema usoni mwangu mpaka alipoacha kuhema. Mwenye bunduki alikufa akitambaa kuelekea pikapu yake. Wa tatu alikimbia. Honi ilikuwa bado inalia.

Polisi walimwita dada aifungue bastola mbele yao. Akatoka hapo akaja hospitali na ovaroli lake, mikono myeusi kwa mafuta, akasimama miguuni pa kitanda changu. Hakukaa.

"Ulimi umelika," alisema. "Umeisha kabisa. Nilitazama nje, sikutazama ndani. Ni mimi."

Angelia, ningemsamehe. Alisema kama anasoma orodha ya vipuri, na mimi nilikuwa na bandeji mahali palipokuwa na mkono, na sauti ya honi kichwani. Nilimtukana. Nikatafuta neno la kuuma, nikalipata.

"Afadhali ungemwachia Baba ile kamba," nilimwambia. "Aliyenifunga ndiye aliyeniokoa."

Aliitikia kwa kichwa, akatoka. Kwenye mazishi ya Taratibu, nilisimuliwa, mjane alimzaba makofi mbele za watu mpaka akachoka. Dada yangu, aliyewahi kumvunja Baba goti, alisimama mikono chini na kupokea yote. Niliposikia hivyo niliogopa, maana huyo hakuwa yeye.

Niliporuhusiwa nilikwenda ghalani kabla ya kwenda nyumbani. Mlinzi wa zamu alinifungulia bila kunitazama machoni. Dada alikuwa mezani, mgongo kwangu, na bastola zote za kampuni zimepangwa mbele yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya kiti, umefungwa kwa mkanda wa bunduki. Kiganja kimevimba, kimekuwa cha zambarau. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anachukua bastola moja, anashusha swichi ya kulia kwa nguvu, anapandisha, anashusha, kisha anachukua nyingine. Kidole gumba kilikuwa kimechunika, na kila swichi aliyokwisha kuigusa ilikuwa na damu.

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe. Kwa meno," alisema bila kugeuka. "Nikiuacha huru unakimbilia kazi. Ule hauoni upande wako. Huu ndio unaona."

"Tangu lini?"

"Kaa chini, umetoka kulazwa."

"Dada, mbona hukuniita?"

Alichukua bastola nyingine. Nilijaribu kulifungua fundo kwa mkono wangu mmoja, likanishinda. Nikapiga magoti nikalivuta kwa meno, nikapata ladha ya mafuta ya bunduki na jasho lake, likanishinda tena. Nikachukua kisu cha kukatia ngozi mezani. Mkono wangu wa kulia haujui visu. Nilikata mkanda na nilimkata na yeye kidogo kwenye kifundo, wala hakushtuka. Mkono ule ulianguka mapajani mwake ukabaki hapo, akautazama kama mzigo wa mtu mwingine.

"Baba alikuwa anafunga vizuri kuliko mimi," alisema.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile ya kichochoroni, na kicheko kikitoka hakizuiliki. Nilimwekea kichwa begani nikacheka mpaka mlinzi wa zamu akachungulia kwenye nondo, na bega la dada nalo lilikuwa linatikisika, nikajua tumepatana. Ndipo nikainua uso kulitazama lile pengo, nikaona kwamba dada yangu hacheki.