Saa Sita za Kungoja Ndege Entebbe, na Kopo Moja la Senene

Wakuu wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sikuongeza kitu, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa. Mtaona mahali hapo ni pengi.

Mimi ni mkulima wa Kanoni, Karagwe. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea. Ndiyo maana wenzangu wa chama chetu cha kahawa walinichagua nipeleke sampuli yetu Nairobi. Wanunuzi walikuwa waionje asubuhi ya siku ya pili ya safari yangu. Chama ambacho kingechelewa kingengoja msimu mwingine, kahawa yake ikilala ghalani.

Ndege ya kwanza ilitutoa Bukoba asubuhi ikatushusha Entebbe. Ya pili, ya kwenda Nairobi, ilikuwa iondoke saa kumi jioni. Nilibaki na saa sita katika nchi nisiyoijua.

Nikaketi kwenye benchi, nikaandika mpango katika daftari. Kwenda Kampala, saa moja. Duka la vitabu, saa mbili. Kurudi, saa moja. Zilizobaki, akiba.

(Mtu anayejisomesha mwenyewe hawezi kusikia kuna duka la vitabu karibu halafu akae kwenye benchi. Ni ugonjwa.)

Nilipata teksi. Dereva alikuwa Mganda, jina lake Erifazi. Nikauweka mfuko wa sampuli kwenye buti, tukaondoka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliniambia kwao hiyo ni lugha ya askari. Kiganda na Kinyambo chetu ni ndugu, lakini ndugu waliotengana zamani: neno moja naelewa, matatu yananipita.

Kampala sikuielewa hata kidogo. Ni vilima vitupu. Kila nilipodhani tumerudi kilima kilekile, Erifazi alinionyesha kanisa lingine. Duka la vitabu tulilikuta limefungwa kwa chakula cha mchana. Nilingoja mlangoni, nikapata kitabu kimoja cha udongo na mbolea, na saa nane kamili tukaanza kurudi.

Hesabu yangu ilikuwa bado nzuri. Nilifurahi.

Njaa ikanishika. Mke wangu alinikaangia senene, wale panzi wa msimu wa mvua, akanijazia kopo. Nikalifungua, nikatafuna, nikamsogezea dereva kama mtu mwenye adabu.

"Karibu senene, ndugu."

Erifazi alikanyaga breki nikagonga kichwa kwenye kioo. Akashuka, akaja upande wangu, akafungua mlango.

"Ssebo, bwana! Unakula ndugu yangu ndani ya gari yangu?"

Nilitazama nyuma kuona ndugu yake yuko wapi.

"Ndugu yupi?"

"Huyo! Mdomoni!"

Nikadhani amepandwa na homa. Nikameza upesi, naye akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema maneno mengi ya Kiganda, nikalidaka moja: *muziro*.

Hilo hata kwetu lipo. Muziro ni kile ambacho ukoo haukili. Ukoo wangu hauli pongo, swala wa vichakani, na baba hakukubali hata ngozi yake iingie nyumbani. Lakini sijawahi kusikia kwetu ukoo wenye muziro wa senene. Senene! Ni sawa na kuambiwa kuna watu muziro wao ni chumvi.

Nikaomba radhi. Nikataka kulitupa kopo.

"Usimtupe!"

"Basi nilirudishe mfukoni?"

"Siendeshi naye hivyo alivyokaangwa."

"Nimpe mtu?"

"Mbele ya macho yangu?"

Ilikuwa saa nane na nusu imepita, nami nimesimama kando ya barabara na kopo mkononi, sijui liende wapi. Mwishowe nilizunguka nyuma ya ua wa matete, nikawapa wafyatua matofali. Hao walikula bila kuulizana koo.

Niliporudi, ili kumtuliza, nikamwambia nami nina muziro, pongo.

Erifazi akatabasamu, na hapo ndipo nilipopotea kabisa.

"Pongo ni ukoo wa Ngabi. Mama yangu ni Ngabi. Basi wewe ni mjomba wangu!"

"Erifazi, mimi natoka Karagwe."

"Ngabi ni Ngabi. Nitampitaje mama, na kaka yake yumo garini?"

Nikamwonyesha saa yangu. Akasema bado mapema. Nikamwambia habari za kahawa. Akasema mama yake naye analima kahawa, tutaelewana.

Ningekataa vipi? Nimekula ndugu yake, kisha nikatae na mama yake?

Mama huyo aliitwa Yunia, umri wake sawa na wa mama yangu mdogo. Alipiga magoti kunisalimu, nikatamani ardhi inimeze. Akaniuliza majina ya baba yangu, babu yangu, na baba wa babu. Nikawataja. Hakumjua hata mmoja, lakini kila jina aliitikia kwa furaha. Tukatafuna punje za kahawa kama tufanyavyo kwetu. Nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba, nikajua wanataka kunichinjia, nikasimama.

"Kaka yangu anaondoka bila kula?" akauliza. Hicho Kiganda nilikielewa chote.

Tuliondoka saa kumi kasoro dakika ishirini. Kuku nilipewa mzima, amefungwa miguu.

Uwanjani nilishuka na sampuli mkono huu, kuku mkono ule. Karani alinitazama, akanionyesha mbingu kwa kalamu. Ndege ilikuwa imekwenda.

Nilifika Nairobi kesho yake alasiri. Meza zilikuwa zimefutwa.

Niliporudi Kanoni chama kiliitisha kikao. Nilieleza yote kwa mpangilio, na saa zake, kama nilivyoeleza hapa. Nilijiandaa kulaumiwa, maana kahawa ya kila mmoja wetu, hata yangu, bado iko ghalani.

Mzee Kaijage, mwenyekiti wetu, aliuliza swali moja.

"Kwa dada yako ulikaa muda gani?"

"Nusu saa, mzee."

Watu wakaguna. "Nusu saa!" mmoja akarudia, kama vile nimeiba.

"Na kuku hukumngoja apikwe?"

"Nilikuwa nawahi ndege."

"Ukaiwahi?"

"Hapana."

"Basi si bora ungekula."

Wakuu, somo moja nimelipata: usimfungulie mgeni kopo kabla ya kumuuliza muziro wake. La pili bado silioni. Nilikosa kwa kuingia nyumba ile, au kwa kutoka mapema? Mwenye ukoo Buganda, au aliyewahi kukwama safarini, aniandikie katika ukurasa huu. Dada Yunia ameshatuma salamu kupitia mfanyabiashara mmoja wa Bukoba, anauliza kaka yake atarudi lini kumalizia chakula.