Saa Tisa za Angani

Mzee Aboud, fundi wa vyombo vya baharini wa kisiwa cha Koyama, pwani ya Somalia, alifariki Jumatatu baada ya sala ya alfajiri. Kwa desturi angezikwa siku ileile. Rawda, bintiye aliyemuuguza, ndiye aliyeomba wasubiri.

Sababu ilikuwa Mukhtari, kaka yake, aliyeko Bristol, Uingereza. Walikimbia vita pamoja na baba yao hadi kambi ya wakimbizi Mombasa. Huko Mukhtari akapata njia ya Ulaya. Rawda akarudi kisiwani na mzee, akampikia, akamshikia mbao alipopigilia misumari, na macho ya mzee yalipokufa akawa ndiye anayemshika mkono kwenda msikitini. Mzee aliacha wasia mmoja tu: ashushwe kaburini na mwanawe wa kiume.

"Ningojeeni," Mukhtari alisema kwenye simu. "Nimetazama. Bristol mpaka Kismayo ni kilomita elfu saba na kitu. Saa tisa tu angani, Rawda. Kesho adhuhuri niko nanyi."

Aliamini alichosema, na Rawda akaamini. Kwa watu wa Koyama safari ni pwani kwa pwani: ukipanda hapa, unashuka uendako. Hakuna nahodha anayekuteremsha njiani akakuambia ungoje chombo kingine. Zile saa tisa zilikuwa za mstari ulionyooka, na katika mstari huo hapakuwa na ndege.

Khatibu Mohdhar alinung'unika, kisha akakubali siku moja. Mzee alioshwa, akavishwa sanda, akalazwa chumba cha ndani, sakafu ikamwagiwa maji ipoe. Wanawake walifukiza udi bila kukatiza. Shangazi Swabra alisema kaka yake hakunukia hivi hata siku ya harusi yake. Wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Jumanne adhuhuri Mukhtari alipiga simu kutoka Istanbul. Ndege ya Mogadishu ilikuwa ya usiku. Ya Kismayo ni Jumatano, ikiwa ipo. Halafu boti. Akaomba siku moja zaidi.

Rawda alikata simu. Aliingia chumba cha ndani, akasimama. Udi ulikuwa umeshindwa.

Alipotoka, khatibu alikuwa mlangoni. Hakumlaumu. "Maiti hangoji mchu, mwanangu," alisema kwa Kibajuni, yaani hangoji mtu yeyote. "Wewe ndiwe mtoto wake uliye hapa. Sema."

"Mchukueni," Rawda akasema.

Aliyeshuka kaburini ni Husein, mumewe. Rawda alibaki uani na wanawake wenzake, akisikia dhikiri za wanaume zikififia kuelekea makaburini, na simu ameizima.

Aliiwasha Jumatano asubuhi, nayo ikalia papo hapo. Mukhtari alikuwa Mogadishu. Alisema mbiombio, kwamba amekwisha kukanyaga nchi, kwamba Husein amtafutie boti Kismayo. Rawda alimwacha amalize, kisha akamwambia.

Kaka yake aliuliza jambo moja tu.

"Nani aliyempokea kaburini?"

"Husein."

"Kuna ndege inaondoka sasa hivi," Mukhtari alisema, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu. "Nikikimbia nitaiwahi."

"Usikimbie tena, kaka," Rawda alisema. "Njoo taratibu."