Kiatu cha Mtunza Mnara

Nilikuwa na miaka tisa nilipokificha kiatu cha babu ndani ya kihenge cha mtama. Nilificha kimoja tu, kwa akili zangu kwamba vikipotea vyote viwili itaonekana ni wizi. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, namwona amekaa mlangoni kwetu Gulwe, kiangazi kile, anafuta kioo cha chemli kwa kitambaa laini, taratibu, kama anamwogesha kichanga. Ujana wake aliumalizia pwani, akitunza mnara wa taa unaoongoza meli. Kila jioni alipanda ngazi za kuzunguka, akafuta vioo virefu kuliko yeye. "Kioo kikiwa na moshi," alikuwa akiniambia, "nahodha anadhani mwamba uko mbali." Sisi wengine chemli tulifuta kwa pindo la kanga.

Mwaka ule alisikia kwamba mnara wake unawekewa taa ya kujiwasha yenyewe, na vile vioo vitashushwa. Akakata tiketi mbili za treni, yake na yangu, ili walau mtu mmoja wa ukoo avione vikiwa bado juu. Bahati mbaya alimchagua mwoga. Maji niliyoyajua mimi ni ya mto wetu, unaong'oa reli masika kisha unakauka kama haukufanya kitu. Shuleni nikaambiwa bahari haikauki. Basi asubuhi ya safari kiatu kikatafutwa, nami nikitafuta kwa bidii kuliko wote, mpaka treni ikapiga honi, ikaondoka. Babu alisema tutakwenda siku nyingine, akavua kile kimoja. Kiatu kilijitokeza tulipochota mtama. Alikipangusa vumbi, akakiweka kando ya mwenzake. Kabla masika hayajafika, miguu ikamkatalia. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Nkuhungu, na safari yangu ndefu ni ya gengeni. Umeme ninao, na treni ya sasa ukipanda asubuhi, mchana uko pwani. Bado kila jioni nafuta kioo cha chemli ya babu. Juzi jirani yangu, Mama Yohana, alinikuta nikifuta, nikamsimulia yote haya kwa huzuni ya kutosha. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama mlangoni, akasema: "Babu yako alikosa kiatu kimoja. Wewe naona unavyo jozi nne hapo, na mnara hujauona."